Kipande cha Risasi cha Mzee

Kiwanda kidogo cha uchapaji cha Alanyo pale Mengo kilikuwa hakijayeyusha madini ya risasi tangu baba yake afariki, lakini asubuhi ile kilinuka risasi ya moto. Alanyo alifungua madirisha. Harufu haikutoka.

"Ambroise, umeunguza nini?"

"Hapana kitu, mama," alijibu mpanga kurasa wake, Mkongomani wa Bukavu aliyefanya kazi na mzee miaka mingi. "Kuya uone. Mistari inabanana."

Ilikuwa ratiba ya mazishi ya mama yake Alanyo. Jina la marehemu na la Alanyo, mfiwa wa kwanza, yalikuwa yamegusana. Alanyo aliongeza nafasi, akachapa. Yakatoka yamegusana vilevile. Ndani ya meza kitu kikagonga, ting, chuma kwa chuma.

"Mama, ile nafasi Waingereza banaiita leding," Ambroise alinong'ona. "Ni juu ya ledi, ndiyo risasi. Zamani tulikuwa tunatia kipande ya risasi katikati ya mistari. Baba yako alikuwa na moja ya kutenga jina ya maiti na ya bazima. Alisema mule ndani kunaikala jini, ndiye analinda mupaka. Uliitia wapi?"

Vipande vyote Alanyo alikuwa amewauzia wavuvi wa Ggaba, vikafanywe vizito vya nyavu. Takataka za mzee, alisema, na akacheka. Kisha kaka yake Okwir akafa, naye Alanyo kwa ubahili wa karatasi akabana mistari ya ratiba ya mazishi yake, na jina lililofuata chini ya Okwir lilikuwa la mama.

Mama alikufa bila hata homa.

Alilifuta jina lake mwenyewe. Karatasi ikatoka: sasa aliyegusana na maiti ni Aol, bintiye wa pekee. Akalifuta na hilo, likatoka tena. Akachomoa waya wa mashine ukutani, nayo ikaendelea kutema karatasi, Aol, Aol, Aol, huku harufu ikimkaba na ule mgongano ukimpanda kutoka nyayoni mpaka kwenye meno.

"Nichukue mimi!" alilia. "Mjinga ni mimi, si mtoto!"

Akaandika tena jina lake mwenyewe, chini ya la mama, juu ya la Aol. Meza ikanyamaza.

Karatasi ya mwisho ilitoka polepole, ingali na joto. Pengo lilikuwa limerudi, pana na safi. Ambroise alianza kumshukuru Mungu, kisha akakatiza. Alanyo aliisoma mwenyewe: jina la mama, jina lake, halafu pengo. Aol alikuwa ng'ambo ya pili, kwa walio hai.

"Toa nakala," alimwambia Ambroise. "Watu wanangoja."