Kadi Mpya na Kimya cha Chiriku

Kila alasiri aliporudi kutoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akachukua kitambaa kikavu na kufuta vumbi juu ya kompyuta ya mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kompyuta ilikaa sebuleni, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na sebule hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi. Mama yake alirekodi harusi, mahafali na mazishi, kisha akazikata na kuziunga picha hadi zikawa video. Binti alifuta huku akisimulia habari zote za darasani bila kuvuta pumzi. Ndiyo maana watu waliacha kumwita kwa jina lake, wakamwita Chiriku.

Lakini siku hizo hata Chiriku alipunguza maneno. Mama mmoja mshonaji, jirani yao, alikuwa amempoteza binti yake wa pekee kwa homa ya ghafla. Marehemu alikaa dawati la mbele ya Chiriku. Picha pekee zilizomwonyesha akitembea na kusema ni zile ambazo mama yake Chiriku alizirekodi siku ya kufunga shule. Nazo zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta ile.

"Mama Chiriku, nitengenezee nimwone," mshonaji alisema siku aliyokuja. "Sura yake ninayo. Ila sauti imeanza kunipotea."

Mama alijaribu, lakini kompyuta ilikuwa imechoka. Kila alipofungua zile picha ziliganda, na kazi ya saa nzima ikapotea. Mwishowe alinunua kadi mpya ya grafiki, yaani kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora picha upesi kwenye kioo chake.

Fundi wa kompyuta alikuja kuifunga. Alitoa kadi ya zamani, akaiweka mpya, akaunga waya wa kuipelekea umeme. Kisha akakuna kichwa.

"Mama, kadi hii inakula umeme kama fisi kwenye mfupa," alisema. "Na kisanduku cha umeme kilichomo humu ndani ya kompyuta ni dhaifu. Kesho asubuhi nitakuletea kikubwa. Leo usiipe kazi yoyote nzito. Tuiwashe kidogo tuone kama imeshika, kisha uizime."

Wakaiwasha. Picha ya uwanja wa shule ikatokea, laini kama maji yanayotiririka. Mama alisema, "Ahsante Mungu," akaizima. Fundi alipoondoka, mama naye akachukua kamera yake kwenda kurekodi shughuli.

"Umesikia alivyosema fundi?" alimuuliza binti yake akiwa mlangoni.

"Nimesikia, mama."

Haukupita muda, Profesa akaingia. Huyo alikuwa binamu yake Chiriku, mtoto wa shangazi, na uprofesa wake alijipa mwenyewe.

"Nasikia mmenunua kadi mpya," alisema. "Mtaipata wapi nyinyi? Kwenye kompyuta yenu gari la mchezo linakwenda kama linavutwa na konokono."

"Hilo ni la zamani! Sasa hivi hata wewe hulifikii."

"Maneno matupu. Washa tuone."

"Fundi amesema tusubiri hadi kesho."

"Basi subiri. Kesho nitakuja na konokono wangu tushindane."

Chiriku aliumwa na dharau ile. Akatazama mlango, akabonyeza swichi.

Waliufungua mchezo wa magari. Magari yaliruka barabarani, vumbi likatimka, hata majani ya miti yalionekana moja moja. Kwenye pembe ya kioo namba ilionyesha ni picha ngapi kadi ilichora kwa sekunde. Zamani haikufika ishirini. Sasa ilipita tisini.

"Tisini!" Profesa alipiga kelele. "Ongeza kila kitu hadi mwisho! Vivuli, mvua, vyote! Tuone kama itafika mia!"

Chiriku akaongeza. Feni ya ndani ikaanza kulia kama mtu aliyebanwa na kikohozi. Harufu kali ya plastiki ikatoka. Kisha ndani ya kompyuta kukasikika mlio, *pwa*, cheche ikamulika kwenye matundu ya nyuma, na kioo kikawa cheusi.

Profesa hakuaga. Chiriku alichomoa waya ukutani, akafungua dirisha, akapepea kwa daftari mpaka mikono ikamuuma. Kisha, ili pasionekane kitu, akauchomeka waya tena kama ulivyokuwa.

Mama aliporudi alisimama katikati ya sebule, akanusa.

"Kuna harufu ya kuungua humu."

"Ni takataka za jirani, mama. Wamechoma mifuko."

Mama alimwamini, na kuaminiwa huko ndiko kulikomuuma Chiriku. Jioni walipopiga magoti kuomba, mama alimwombea mshonaji apate faraja kesho. Akangoja mwanawe aitikie. Chiriku aliinuka bila kusema "Amina", akaenda kulala.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Mshonaji alifika mapema, kabla ya fundi. Alivaa nguo yake nzuri, kana kwamba anakwenda kumpokea mtu. Mama alimsogezea kiti mbele ya kompyuta.

"Fundi yuko njiani. Ila ngoja nikuonyeshe kidogo tu."

Akabonyeza. Kompyuta haikuamka. Akabonyeza tena, kimya. Akampigia fundi simu na kuiweka mezani ili wote wasikie.

"Uliipa kazi nzito jana?" sauti ya fundi iliuliza.

"Hata sikuigusa."

"Hukusikia harufu ya kuungua?"

"Ilikuwepo, lakini ya takataka za jirani."

"Basi ni swichi tu. Nyuma ya kisanduku cha umeme ipo ndogo. Izime, iwashe, halafu ubonyeze tena. Itaamka."

Mama alipeleka mkono nyuma ya kompyuta. Akasita, akageuka.

"Chiriku, zilikuwa takataka kweli?"

Mshonaji naye aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa na matumaini, na matumaini hayo yalimtisha Chiriku kuliko fimbo yoyote. Moyoni alisema, "Ee Mungu, nisaidie." Kisha akapiga kelele:

"Mama, usiiwashe! Nilidanganya! Nilicheza mchezo na Profesa, ikalipuka ndani. Niliona cheche. Mimi ndiye niliyeiwasha."

"Chomoa waya ukutani!" fundi alifoka kwenye simu. "Sasa hivi! Mtu asiiguse!"

Mama alichomoa. Chiriku alisimama karibu na mlango mpaka fundi alipofika, wala hakuna aliyemwambia akae.

Fundi alifungua kifuniko. Waya wa kadi ulikuwa umeyeyuka na kugandamana. Kadi mpya ilikuwa na doa jeusi, na kisanduku cha umeme kilinuka.

"Kadi imekufa," alisema. "Na kisanduku hiki kimeharibika vibaya. Mngekiwasha tena, kingeweza kurusha umeme kwenye diski inayotunza picha, na kilichomo kingeungua chote. Pengine na pazia hili la dirishani."

Aliitoa diski polepole, akaiunga kwenye laptopu yake. Mshonaji alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Faili zikaanza kutokea, moja baada ya nyingine. Fundi akafungua moja.

Binti wa mshonaji alikuwa amesimama uwanjani akikariri shairi. Alisahau mstari wa pili, akacheka, akauficha uso kwa viganja, kisha akaanza upya. Laptopu nayo haikuwa na nguvu. Picha zilikatika na kukwama. Lakini sauti ilikuja safi.

Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. Kwa muda mrefu alilia bila kujificha. Kisha akamwita Chiriku.

"Nimekukasirikia, mwanangu, sitakuficha. Nusura nimzike mara ya pili. Nipe siku kidogo."

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo, kwa kuwa tangu asubuhi hakuwa amemsalimu.

"Marahaba."

Siku hiyo hiyo fundi alinakili picha zote mahali pengine pawili, na kadi ya zamani ikarudishwa ndani pamoja na kisanduku kipya. Mama alirudi kwenye kazi ya kuganda na kungoja. Shangazi alimleta Profesa akiwa amemshika sikio. Profesa akaomba radhi kwa maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema.

Jioni mama alimwita binti yake wakae pamoja.

"Mimi nami nina kosa," alisema. "Kitu cha thamani namna ile sikukiwekea nakala. Mungu anisamehe. Wewe ulikosa kwa kutomsikia fundi, na kadi imekufa; hilo ni hasara, tutaishi nalo. Lakini uongo wako ulikuwa ukiendelea kuunguza wakati sisi tumelala. Mimi ningebonyeza swichi kwa mkono wangu, nikiamini neno lako. Ukikosa, mwanangu, sema mapema, hata kama unatetemeka. Kosa lililosemwa watu hulizima pamoja. Lililofichwa, mwenzako hulikanyaga gizani."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mama."

"Sasa tuombe," mama alisema. "Leo utaanza wewe."