Kizingiti cha Chumba cha Saba

Sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni, ingia ndani, hapo kizingitini si pa kukaa. Zimeni hiyo redio. Nikisema nyamazeni sina maana mnong'one, nina maana mnyamaze. Hii ni habari ya kaka yangu, Fundi, na binti yake, na mimi huwa siisemi mara mbili.

Binti tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Mchana anaongea, usiku anamalizia usingizini. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, hodari wa kupaka vanishi, na tangu mama yake afariki alilala chumba kimoja na baba yake, pazia katikati. Kwa hiyo Fundi alipopata kazi kwenye lile jumba la kale, hakuomba makubwa. Alimwambia mwenye jumba, "Mama, nikimaliza, chumba kimoja kiwe cha binti yangu."

"Achague mwenyewe," mama yule akasema.

Chiriku akachagua cha saba, kwa ajili ya dirisha lake refu. Kabla hata ukuta haujasimama alishajua kitanda kitakaa wapi, na shangazi akija atakalia nini. Shangazi ni mimi.

Jumba lilikuwa limeandikishwa serikalini kama jengo la kumbukumbu. Kumbi zake ziligawanywa kwa plaiwudi ili vitoke vyumba vya kupangisha, jiko moja la wote, bafu moja la wote. Sharti lilikuwa moja. Kila kitu cha zamani mle ndani kilikuwa na namba ndogo ya rangi nyekundu: milango, boriti, hata ndoano za ukutani. Chenye namba hakitolewi.

Sasa, pale mlangoni pa chumba cha saba palikuwa na kizingiti, ubao mnene mweusi ulioinuka kutoka sakafuni. Namba arobaini na moja. Mlango mpya ukawa haufungiki, unakigonga. Fundi akapima, akageuza, akapima tena. Mwisho akachoka, akashika msumeno.

"Baba, hicho kina namba."

"Nani atakuja kuhesabu vibao?"

"Haya, mimi sijaona," Chiriku akasema, kajifunika macho kwa viganja. "Ila wakiniuliza, nakutaja!"

Wakacheka. Vipande wakavitia moto chini ya kopo la gundi. Kaka yangu aliniambia moshi wake haukunuka mti. Ulinuka nywele.

Siku ya kumaliza kazi walishafika njia panda, jua linazama, Fundi akakumbuka kwamba amesahau pima maji yake ya kusawazishia mbao. Wakarudi pamoja. Chiriku akatangulia kwenda kukiangalia chumba chake. Fundi alikuwa jikoni, anapapasa chini ya meza, aliposikia mtu ananong'ona kwenye ukumbi.

"Thelathini na nane... thelathini na tisa... arobaini..."

Hesabu ikakwama hapo.

Akachungulia. Mzee mwembamba, koti la kahawia limepauka, mkono mmoja kopo la rangi, mkono mwingine brashi nyembamba. Harufu ya kabati lililofungwa miaka.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alikuwa amesimama mbele ya chumba cha saba, anatazama pale palipokatwa. Akainua macho akatazama ndani, alikokuwa Chiriku anajiimbia, kawapa mgongo.

Akaingia.

Wimbo ukakatika.

Fundi alipofika mlangoni, mzee hayupo. Chiriku alikuwa peke yake, anajipapasa kisogo.

"Baba... kuna kitu cha baridi hapa."

Fundi akamgeuza. Rangi nyekundu, bado mbichi.

Arobaini na moja.

Alimshika mkono wakakimbia. Kwenye mlango mkubwa Fundi akavuka, akafika barabarani, akatazama mkono wake. Ameshika mtandio mtupu. Chiriku yuko ndani, amesimama mbele ya chumba cha saba, anamwangalia.

Akarudi, akambeba mgongoni. Akavuka. Mgongo ukawa mwepesi.

Mara ya tatu alimfunga kwa kamba kiunoni, ncha nyingine kiunoni mwake. Kamba ilitoka ina fundo, na ndani ya fundo hakuna mtu.

"Baba, acha," Chiriku akasema. "Unachoka bure."

Kesho yake Fundi alikwenda ofisi ya majengo ya kale. Karani akafungua daftari. "Mzee wetu, namba zile ziliandikwa kabla mimi sijazaliwa. Aliyeziandika ni marehemu. Siku hizi hatuna mtu wa rangi."

"Na kikitokea chenye namba kinataka kutoka?"

Karani akacheka. "Kitatokaje, mzee?"

Fundi akachonga kizingiti kipya kwa ubao bora alioweza kupata, akakichomeka mahali pake, akakiandika namba kwa mkono wake. Hadi jioni rangi ilikuwa imechuruzika yote sakafuni. Na Chiriku, yule Chiriku wetu, kutwa nzima alikuwa amesema maneno mawili. La kwanza "Baba". La pili "baridi". Viganja vyake vilikuwa vigumu. Ukivigonga vinalia.

Giza lilipoanza kuingia, mnong'ono ukaja.

"Thelathini na tisa... arobaini... arobaini na moja... arobaini na mbili..."

Safari hii mzee hakusita. Fundi akapiga magoti mbele yake, akainamisha shingo.

"Niandike mimi. Mimi ndiye niliyekata. Mwache mtoto."

Mzee akamtazama, kaka yangu alisema, kwa huruma kabisa.

"Nafasi ni moja," akanong'ona. "Imejaa."

Fundi akamkumbatia binti yake, akaapa hatalala. Akalala.

Kulipopambazuka, mikono yake ilikuwa imekumbatia hewa. Kile kizingiti chake kipya kilikuwa kimetupwa pembeni. Na mlangoni pa chumba cha saba kulikuwa na ubao mnene, mweusi, mzima, usio hata na alama ya msumeno. Namba yake nyekundu ilikuwa imekauka.

Mlango ulifungika vizuri kabisa.

Kaka yangu hakushika tena msumeno hadi alipokufa. Randa na patasi alirithi mwanangu wa kwanza. Pima maji hakuna aliyeitaka. Mimi nilirithi mtandio, na ufunguo wa chumba cha saba ambao sijawahi kuutumia.

Chumba wamekirithi wapangaji, wanaingia na kutoka. Wote wanakisifu. Wanasema hata asubuhi za baridi, ukikanyaga pale mlangoni peku, ubao una joto.

Wengine wanasema ukikaa kimya, ubao unaongea.

Mkifika huko, wanangu, rukeni. Msikanyage.