Skurubu Nne za Mlima wa Mjapani

Jumatano tarehe 9 Machi 1955, saa moja asubuhi, nyumbani kwa Bwana Pelham huko Molo, picha ya mlima iliyochapwa na fundi wa Kijapani haikuwapo. Fremu ilikuwa mezani, kioo chake kizima, tumbo lake tupu. Kufikia saa mbili, mpishi Nyongesa alikuwa na pingu mikononi. Mpishi yupo, kosa lipo. Serikali ilitaka nini tena?

Habari zilimfikia Odero, seremala wa reli Nakuru, adhuhuri. Nyongesa alikuwa ndugu wa marehemu mkewe. Mkewe huyo, Nanyama, alifia mlangoni pa hospitali, karani aking'ang'ania aletewe kwanza barua yenye mhuri, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Mtunze mdogo wangu."

Alhamisi saa nne Odero alishuka Molo kutoka kwenye lori la viazi. Sajini Kiptanui wa polisi alikuwa mlangoni kwa Bwana Pelham.

"Mzee, umefuata nini?"

"Fremu niliitengeneza mimi. Memsahibu ameniita."

"Umechelewa. Picha Nyongesa kampelekea Obeid wa duka la vitambaa kule Nakuru. Mwaka jana si alitaka kuinunua?"

"Obeid yuko Mombasa matangani tangu wiki jana. Nakuru nzima inajua."

"Nakuru nzima si Inspekta," Kiptanui akasema, akampisha.

Ndani, mbele ya Memsahibu, mke wa Bwana Pelham, Odero akaigeuza fremu. Skurubu nne za shaba zilikuwa zimepangwa sahanini, hazina hata mkwaruzo. Alizikumbuka. Bwana mwenyewe ndiye aliyempa, zimetoka kwenye kisanduku cha bunduki, mifereji ya vichwa vyake myembamba mno. Kisu kingezichubua. Bisibisi yake ya Nakuru ilikataa, ikabidi Bwana amwazime ile ndogo ya bunduki, akasimama palepale mpaka akarudishiwa, akaifungia tena kwenye kabati la bunduki.

"Sajini, Nyongesa hushika ufunguo wa kabati la bunduki?"

"Una wazimu? Hali hii ya hatari, Mwafrika akikutwa na risasi moja tu ananyongwa! Ufunguo uko kiunoni kwa Bwana."

"Basi fremu hii hakuifungua Nyongesa."

Kiptanui akaacha kutabasamu.

"Memsahibu," Odero akauliza, "aliyeifungua ni wa humu ndani. Moto wa ofisi ya Bwana huwashwa na nani?"

"Yeye mwenyewe. Nyongesa haingii humo."

Memsahibu akawafungulia ofisi. Odero akapiga magoti, akachambua majivu kwa vidole. Akatoa kipande cha karatasi kama ukucha, cha samawati, na ndani ya samawati hiyo nyuzi za mti.

Alizijua. Wakati wa kuunda fremu, Memsahibu alimweleza jinsi mzee Tadokoro wa Japani alivyochonga mbao kumi na moja, kila rangi na ubao wake, akagandamiza karatasi kwa mkono, hata nyuzi za ubao zikabaki angani juu ya mlima. Odero alikuwa amesema, "Huyu ni fundi mwenzangu."

Bwana Pelham alisimama mlangoni.

"Bwana," Odero akauliza, "ni kuni gani hizi zenye rangi ya mbingu?"

Memsahibu alikitazama kipande, kisha mumewe. "Ni kwa sababu ya barua?"

"Jumanne ulinisomea barua hiyo ya Japani mezani," Bwana akasema polepole. "Mjapani huyo hachongi tena, mwanawe alifia Burma. Ukamlilia! Na wetu? Wetu aliuawa na nani kule Burma?"

"Niliwalilia wote wawili."

"Na shemeji yangu, Bwana?"

"Sikumtaja mimi. Walimchukua tu."

"Ukanyamaza."

Kiptanui aliandika yote, na saa nane Bwana akatia sahihi.

Odero aliibeba karatasi ile hadi kituo cha Molo. Wakamwambia mfungwa amepelekwa Nakuru. Nakuru wakasema alipakiwa lori la jana jioni, kambini Gilgil. Gilgil, Ijumaa saa tatu, karani alipitisha kidole kwenye orodha, mara mbili.

"Hakuna Nyongesa hapa."

"Hana hatia. Soma, kuna sahihi."

"Haina mhuri."

Odero aliitandaza karatasi juu ya meza, akaweka kando yake kipande cha mbingu kilichoungua.

"Sikuulizi mhuri, kijana. Mdogo wake Nanyama mmempeleka wapi?"