Alama ya Mtu Hufutwa

Asubuhi hiyo friji ya sampuli ilinuka tangawizi. Mpimaji alidhani ni pua yake tu, maana mwanawe mchanga alikuwa na mafua na hakumwacha alale usiku. Akaifunga.

Kazi yake ilikuwa kupima nyama ijulikane ni ya mnyama gani. Isage, ipike, itie viungo, protini zake hubaki na alama, na mashine huzisoma: huyu ng'ombe, huyu mbuzi, huyu punda aliyepewa cheo cha ng'ombe. Alama ya mtu nayo haikosi, kidogo tu, ya ngozi ya mikono iliyoishika. Hiyo walizoea kuifuta kabla ya kuandika jibu.

Sampuli zililetwa na Mzee Tangawizi wa machinjioni, mtafunaji wa tangawizi kutwa. Hugonga mlango mara mbili kwa pete, kisha hukohoa. Mpimaji alipotoka uzazini, mzee alimbebea makasha ngazi zote bila kumwambia mtu. Wiki mbili sasa hajaonekana.

Saa nne mlango uligongwa mara mbili. Kikohozi.

"Pita, baba," akasema.

Hakuingia mtu. Harufu ndiyo iliyoingia.

Siku ya tatu bosi alileta mganga. Mganga alifukiza ubani kila pembe, akafika kwenye friji, akakiweka chetezo chini.

"Jini ningemtoa," alinong'ona. "Huyu ni maiti. Anasema mmemfuta."

Mpimaji akafungua nakala asilia za mashine za wiki mbili nyuma, za soseji alizopima siku maziwa yalipokuwa yamemjaa akawahi nyumbani, akaiona ile alama ya mtu aliyoifuta kwa kidole kimoja bila kutazama urefu wake, imesimama juu kuliko ya ng'ombe, wala si ya ngozi, ni ya msuli, na chini yake sahihi yake mwenyewe.

"Bosi, huyu ni mzee wetu."

"Nani alisaini?"

"Mimi."

"Basi ukifungua mdomo, utanyonyeshea jela." Akafuta yote.

Mchana mke wa mzee alikuja kuuliza tena. Alisimama mlangoni, viatu mkononi asichafue sakafu.

"Mwanangu, hujasikia lolote? Hata nguo yake tu, nijue."

Mpimaji alimfikiria mtoto. "Wazee hupotea, mama."

"Haya. Nimesikia mdogo ana mafua." Akampa kipande cha tangawizi. "Aliiacha mezani. Mchemshie."

Jua lilikuwa halijazama alipofika nyumbani. Tangawizi aliitupa jalalani, akanawa mikono, akanawa tena, akamweka mtoto titini. Mtoto alinyonya kwa utulivu, mafua yamekwisha kabisa. Mlango ukagongwa mara mbili, kwa chuma.

Mpimaji hakuitikia. Akabana pumzi, akasubiri kikohozi kutoka nje.

Kilitoka mapajani pake, kizito, cha mzee.