Mkeka Usiotiwa Rangi

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikilia, wanafunzi wa darasa la sita walikwenda kwa zamu kwenye Nyumba ya Wazee, nje kidogo ya Kirongwe. Walifagia uwanja na kuchota maji, kisha wakakaa barazani kuwasaidia wazee waliokuwa wakisuka mikeka. Wengine walikwenda mbio. Fahima binti Hamoud alikwenda amekunja uso, kama mtu aliyeambiwa anuse samaki aliyeoza.

Msichana huyu alijiona kweli. Babu yake alikuwa na shamba kubwa la minazi, basi akadhani minazi ile ameiotesha yeye. Kwao walitandika mazulia, na mikeka ya ukindu aliiita "majani".

"Dukani inauzwa ya plastiki, mizuri, unaiosha kwa sabuni," aliwaambia wenzake. "Hawa vikongwe wanahangaikia majani ya nini?"

Kichwa kikubwa, ndani upepo!

"Shikamooni," alisema siku moja, huku akiangalia ukuta.

"Marahaba," alijibu Bi Biubwa. "Na ukuta nao umeitika?"

Ulimi wa Bi Biubwa ulikuwa mkali kuliko wembe, na barazani pale hakuna aliyesalimika. Ndivyo walivyoishi wazee wale. Kila mmoja alisuka ukili wake, yaani ukanda mrefu wa ukindu, kisha kanda zote zikashonwa pamoja zikawa mkeka mmoja. Huku wakisuka, walichambuana bila huruma. Aliyechekwa zaidi ni Mzee Mfaume, mvuvi wa zamani, kwa sababu ukili wake ulikwenda upogo. Naye aliwajibu kwamba wao wangeshona nyavu, hata papa angepita.

Aliyekuwa kimya ni Bi Kidawa. Aliletwa kutoka Chole baada ya kufiwa na dada yake, mtu wa mwisho aliyekuwa amebaki naye nyumbani. Hakuzungumza na mtu, na uji wake ulirudi jikoni kama ulivyotoka. Bi Umi, mlezi wa nyumba ile, alianza kuogopa kwamba mama huyu amekata tamaa ya kuishi. Lakini alipopewa ukindu, vidole vilikumbuka. Akawa anatoka barazani, anasuka na wenzake, anakula kidogo. Mwishowe siku moja aliutazama ukili wa Mzee Mfaume, akafungua kinywa.

"Baba, hiki ni ukili au njia ya ng'ombe?"

Wote walicheka mpaka machozi yakawatoka, na Mzee Mfaume mwenyewe ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Mkeka uliofuata ulikuwa wa madrasa, kwa ajili ya Maulidi. Bi Umi alimpa Fahima fungu la ukindu na pakiti ndogo za rangi: nyekundu, zambarau na kijani.

"Kauchemshe na rangi, uuanike ukauke, utuletee Alhamisi."

"Haya, Bi Umi."

Hakuuchemsha. Kulikuwa na harusi ya binamu yake, mikono yake ilikuwa imepakwa hina maridadi, naye hakutaka moshi wala madoa. Tena alijiambia kwamba wazee wenyewe macho hawana, rangi wataifanyia nini? Uvivu ukivaa kiburi hujiita akili. Alhamisi akaubeba ukindu uleule mweupe, akamwekea Bi Kidawa mapajani.

"Sukeni huu huu mweupe, bibi. Msingoje rangi. Mkeka unahitajika upesi."

Bi Kidawa aliutazama ukindu, kisha akamtazama mtoto. Akauweka chini polepole, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

"Basi tumeshapimwa, wenzangu," alisema Mzee Mfaume. "Imebaki siku tu."

Naye akaondoka. Bi Biubwa aliukunja ukili wake, akamfuata bila kumchamba mtu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Kirongwe nzima. Fahima alirudi kwao akisema wazee wana vituko.

Alhamisi iliyofuata barazani hapakuwa na mtu. Milango yote ilikuwa imefungwa. Bi Umi alikuwa jikoni, mbele yake bakuli la uji uliopoa.

"Bi Kidawa amerudi kulekule," alisema. "Hasemi, na chakula hagusi ila tende nikimlazimisha. Na wenzake kila mtu na chumba chake. Uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia neno baya! Niliwaambia wasuke mkeka mweupe, upesi."

Bi Umi alishika kichwa. "Mtoto wee! Kwa wazee hawa, mkeka usiotiwa rangi ni wa kufunikia maiti. Dada yake Bi Kidawa alifunikwa mkeka mweupe aliousuka Bi Kidawa kwa mikono yake. Nawe umemwekea ukindu mapajani, ukamwambia afanye haraka!"

Fahima aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Sikujua, Bi Umi."

"Hukujua, sawa. Na rangi je? Hukujua nilikupa?"

Fahima alitaka kusema rangi zilimwagika. Uongo ulifika mpaka kwenye ulimi, lakini Bi Umi alikuwa anamtazama.

"Niliona ni kazi bure," alisema. "Nilidhani hawaoni."

"Wewe ndiye kipofu. Kachukue sufuria."

Fahima aliwasha moto uani. Moshi ulimtoa machozi, na mengine yalikuwa yake mwenyewe. Fungu la kwanza liliungua kwa sababu aliacha maji yakauke. Bi Umi alilitupa, akampa jingine. Alichemsha, akageuza, akaanika, na kesho yake akarudi bila kuitwa. Hina yote ya harusi ilipotea chini ya zambarau.

Ukindu ulipokauka, alikaa peke yake karibu na mlango wa Bi Kidawa, akaanza kusuka. Kusuka kwenyewe alikuwa hakujui. Alichopata ni kitu kinene huku, chembamba kule, na katikati tundu.

Bi Biubwa alipita akienda kutawadha. Alijizuia, akashindwa.

"Ya Rabi! Mjukuu wangu, huo mkeka ni wa kuswalia au wa kuvulia dagaa?"

Mzee Mfaume alitoka chumbani aone. "Alhamdulillahi!" alisema. "Leo nimepata wa kumshinda."

Fahima hakununa. Alisimama.

"Nisameheni, babu, bibi. Maana ya mkeka mweupe sikuijua. Lakini uvivu ni wangu, na niliwadharau."

Mlango ulifunguka. Bi Kidawa alisimama kizingitini, amekonda, ameshika ukuta. Aliutazama ukindu mwekundu na wa zambarau, kisha akavitazama vidole vya mtoto.

"Dharau tuachie sisi," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tumeisomea miaka mingi. Wewe jifunze kusuka kwanza."

Bi Umi alikuwa amefika kutoka jikoni. "Sikiliza, Fahima," alisema. "Mikeka ya plastiki tunaijua. Hawa hawasuki kwa kukosa pa kukalia. Mtu mwenye ukili mkononi ana wenzake wanaomngoja. Asipotoka, ukanda wake utakosekana, na mtu atakwenda kumgongea. Ulipokwepa kazi ya rangi, hilo ndilo ulilowanyang'anya. Ukipewa kazi, ifanye yote. Na kazi ya mwenzio usiidharau kabla hujajua inamfaa nini."

"Ndiyo, Bi Umi."

Bi Kidawa alikaa kitako, akauvuta ukili wa Fahima, akaugeuza huku na huku, akamtupia mwenyewe.

"Fumua," alimwamuru. "Wote. Na wewe Umi, mwanangu, hotuba imetosha, lete uji. Mtoto huyu nitamsemaje na tumbo tupu?"