Kopo la Makosa

Kila siku baada ya masomo, Chaki alipitia nyumbani, akavua sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya mama yake mdogo. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mfuko wake haukukosa kipande cha chaki ya kuchoria vitambaa, na mtaa mzima ulikuwa umezoea kumwita hivyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana uliotazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani, sponji zilizokunjwa na rafu ya misumari iliyopangwa kwa ukubwa. Mama mdogo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kuvika makochi na viti vitambaa vipya. Alijifunza kwa fundi mwingine, akamfanyia kazi kwa mshahara, na mwaka ule alikuwa amepanga chumba chake mwenyewe.

Juu ya rafu palikuwa na kopo la bati. Kila malipo yalipoingia, kabla hajanunua hata sabuni, mama mdogo aliyagawa mafungu: la vifaa, la pango, la mshahara wake, na fungu dogo la mwisho lililoingia kwenye kopo.

"Unajilipa mshahara mwenyewe?" Chaki aliwahi kumwuliza.

"Karakana ndiyo inayonilipa. Nisipofanya hivyo nitakuwa nachota kidogo kidogo, na siku mtaji ukiisha sitajua umekwenda wapi."

Kopo lile halikumpendeza kila mtu. Kaka yake mama mdogo, ambaye Chaki alimwita mjomba, alikuwa dereva wa pikapu na ndiye aliyewasafirishia viti. Yeye alimpa dada yake jina la Mkono wa Birika.

"Mkono wa Birika, hujambo?" alisema siku moja, akiegemea mlango.

"Sijambo, kaka. Simu imekufa tena?"

"Haijafa, inakata roho. Nimeona moja nzuri. Nikopeshe hizo za kopo, si zimelala tu?"

"Hazijalala. Ziko zamu."

"Zinalinda nini?"

"Siku nitakayokosea."

Mjomba alicheka. "Fundi gani anaweka fedha za kukosea? Unajitabiria mabaya."

"Na wewe, mbona unabeba tairi la akiba? Unajitabiria pancha?"

Mjomba alikuna kichwa, akaenda zake. Chaki alicheka, lakini moyoni alikuwa upande wa mjomba. Aliona kopo lile ni ubahili mtupu.

Wiki ile iliingia kazi kubwa kuliko zote tangu karakana ifunguliwe. Mwanamke mwenye saluni ya mtaa wa pili alitaka viti sita vya wateja wake vivikwe mahameli ya kijani. Wateja wangevikalia kila siku, na kila mmoja angekwenda kusimulia alichokiona. Viti vile vingeweza kumjengea mama mdogo jina, au kulibomoa kabla halijasimama.

Mwenye saluni aliposikia bei, aliinua nyusi. "Wewe mtoto wa juzi unanitajia bei ya fundi mkubwa?"

"Hiyo ni bei ya kitambaa, sponji na kazi yangu, mama. Umri wangu sikuuhesabu."

"Punguza basi."

"Nikipunguza bei nitapunguza na sponji. Wateja wako watakalia mbao."

Mwenye saluni aliguna, kisha akacheka, akatoa malipo ya kwanza. Karibu yote yaliishia kwenye mahameli na sponji.

Mahameli ina nyuzi fupi zinazolala upande mmoja, kama manyoya ya paka. Kwa hiyo mama mdogo alichora mshale kwenye karatasi ya kukatia, na mshale ule ulitakiwa kufuata namna nyuzi zilivyolala. Alikata vipande vitano vya kukalia, akaitwa kwenda kupima kochi la jirani. Kipande cha sita alimwachia Chaki.

Chaki alilaza karatasi, akaona kwamba akifuata mshale, kipande kitakula katikati ya kitambaa na kuacha mabaki yasiyofaa. Akiigeuza juu chini, kitaingia kwenye pembe barabara na utepe mpana utabaki. Katika vitambaa vya pamba alikuwa amefundishwa kugeuza hivyo hivyo ili kubana matumizi. Akaigeuza, akakata. Utepe akaukunja vizuri na kuuficha, ili amshangaze mama mdogo siku ya kukabidhi kazi.

Mama mdogo alipigilia vipande vyote jioni, chini ya taa. Viti vilionekana sawa.

Jumamosi asubuhi Chaki alifika mapema, wakati mama mdogo akifagia uani. Viti vilikuwa vimepangwa mbele ya mlango uliofunguliwa. Vitano vilikuwa kijani kibichi. Cha sita kilikuwa karibu cheusi. Alidhani kimelowa, akakigusa: kikavu. Akahamia upande wa pili. Sasa vitano viligeuka kuwa vyeusi, na kile kimoja kikang'aa. Hapo akaelewa kazi ya mshale.

Alikisogeza kiti pembeni, penye kivuli. Tofauti ikapotea. Akakirudisha kwenye mwanga. Kisha akaenda uani.

"Mama mdogo, njoo uone. Nimegeuza karatasi ili nibane kitambaa."

Mama mdogo alikitazama kiti kutoka kila upande. Hakupaza sauti.

"Kule saluni ndani hakuna mwanga mwingi," Chaki alisema kwa haraka. "Tukikiweka pembeni hataona."

"Atakihamisha siku moja. Na siku hiyo hatasema kiti kimekosewa, atasema fundi hajui kazi."

"Lakini nimekosea mimi."

"Wewe umekata. Mimi nimepigilia misumari bila kutazama kwenye mwanga. Fundi ni mimi."

Chaki alitoa ule utepe, lakini haukutosha kukata kipande kingine. Robota la mahameli ile lilikuwa moja tu dukani, na lingine lisingelingana rangi. Mwenye duka hakukopesha, na robota lingeweza kuisha wakati wowote. Malipo ya mwisho yasingetoka kabla ya viti kukamilika. Mama mdogo alipanda kigoda, akashusha kopo.

Kabla ya kwenda dukani alimpigia simu mwenye saluni. "Viti vitano viko tayari, mama. Cha sita nilikikosea, nakirudia. Nitaleta vyote jioni badala ya mchana."

"Basi utanipunguzia," sauti ilijibu.

"Hapana, mama. Kosa ni langu na ninalilipia mimi. Wewe utapata viti sita vizima."

"Haya. Nitavitazama kwa macho yangu."

Mjomba, aliyekuja kubeba viti, alikuta kopo liko wazi mezani. Aliitazama simu yake yenye ufa, akairudisha mfukoni.

"Tairi la akiba," alisema. "Pandeni, twende dukani."

Jioni ile mwenye saluni hakuviacha viti ndani. Alivitoa vyote mlangoni, akavizunguka huku na huku, akapitisha kiganja juu ya kila kimoja. Chaki alimfuata kwa macho.

"Ulichokosea ni kipi?"

"Hakipo hapa, mama. Kipande chenyewe kimebaki karakana."

Mwenye saluni alilipa bei yote. Kisha akawaita wasichana wawili walioanza kazi kwake mwezi ule. "Hebu waambie hawa namna ya kutunza fedha, fundi. Mshahara wanaupokea asubuhi, jioni wananikopa nauli."

Wasichana walicheka kwa aibu. Mama mdogo alifikiri kidogo.

"Taja bei ya kazi yako bila kuona haya, halafu ifanye kazi yenyewe ifanane na bei hiyo. Fedha ikiingia, igawe wewe kabla watu hawajakugawia. Na weka fungu la kukosea, maana utakosea. Asiye nalo hulificha kosa. Mwenye nalo hulirekebisha."

"Na ukipata kidogo sana, dada?" mmoja aliuliza.

"Fungu nalo litakuwa dogo sana. Lakini litakuwepo."

Waliporudi karakana, mama mdogo aligawa malipo kama kawaida, na sarafu za kwanza zikalia ndani ya kopo tupu. Kisha akamwekea Chaki ujira wake wa juma mezani. Hakukata chochote. Chaki aliugawa mara mbili, sehemu kubwa na ndogo, akatafuta pa kuiweka ile ndogo.

Mama mdogo alimsogezea kile kipande cha mahameli kilichoharibika.

"Kinatosha mfuko mdogo wa fedha," alisema. "Chora mshale kwanza."