Aliyepokea Simu ya Nyamizi

Kra! Kra! Kra!

Zilikuwa tambi kavu zikivunjwavunjwa viganjani nyuma ya turubai la bluu. Kisha chaaa! zikaangukia kwenye mafuta ya moto. Kassian alikuwa bado nje, akijipangusa vumbi la pumba mabegani, lakini mate yalishamjaa mdomoni. Akainama, akaingia.

Banda la Mama Yosefina, jirani na soko la Ifakara, halikosi watu asubuhi. Madereva wa bajaji, wauza samaki, manesi waliotoka zamu, wote hufuata tambi zake, zilizokaangwa mpaka zikawa kahawia, zikapikwa kwa tui, sukari na hiliki. Siku hiyo nafasi ilikuwa imebaki moja tu, mwisho wa benchi.

Aliyekaa mkabala na nafasi hiyo alikuwa Nyamizi.

Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililomkaa kiunoni vizuri mno, kilemba cha rangi hiyohiyo, na raba nyeupe zilizoshika tope la mashamba ya ng'ambo ya mto, kuvuka daraja la Kivukoni. Alikuwa amenawiri. Hilo ndilo lililomuuma Kassian zaidi.

"Usisimame kama nguzo ya umeme," Nyamizi alisema. "Kaa. Tambi hazina ugomvi na mtu."

"Naweza kwenda kula kwingine."

"Nenda. Utapewa andazi la jana."

Banda zima likacheka. Kassian akakaa, uso umemwiva.

Kabla ya masika yaliyopita watu hawa walikuwa wapenzi. Kassian ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga kule Lipangalala, na Nyamizi ndiye aliyekuwa akileta mpunga wa babu yake. Alimpa jina la Bwana Pumba kwa ajili ya vumbi lake, naye Kassian, mwenye hasira za karibu kama kiberiti, jina hilo alilipokea kama tuzo. Kisha siku moja alimfungia Nyamizi asimpate kwenye simu, akaifuta namba yake. Hakusema kwa nini.

"Tuongee kama marafiki basi," Nyamizi alisema, akimsogezea kikombe. "Bibi yako hajambo?"

"Hajambo. Bado anagombana na kuku wa jirani."

"Na mashine?"

"Tumebadilisha mkanda. Sasa inakoboa kama imetiwa pilipili."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Upo. Habari yote ndiyo hiyo?"

Mama Yosefina akaweka sahani mbili zinazofuka moshi. Harufu ya hiliki ikapanda katikati yao. Walikula, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake badala ya macho.

"Umefuata nini mjini?" Kassian aliuliza.

"Vikombe. Na majani ya chai. Jumapili tuna wageni."

"Wageni gani hao wa kununuliwa vikombe vipya?"

Nyamizi alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Wa posa. Watu wa Jeremia, yule mkulima wa Katindiuka. Baba anataka jibu langu leo jioni. Nikisema ndiyo, waje. Nikisema hapana, yaishe."

Kassian aliweka kijiko chini. "Posa? Kwani ile ndoa ya kwanza ilivunjika?"

"Ndoa ipi?"

"Nyamizi, usinifanye mtoto."

"Nimekuuliza, ndoa ipi?"

"Ya mwanamume anayepokea simu yako!" Sauti ilimtoka kubwa, nesi mmoja akageuka na andazi mdomoni. "Nilikupigia asubuhi moja, ukiwa ng'ambo wakati wa kupanda. Akapokea dume lenye sauti nzito." Akaiiga ile sauti, kifua mbele: "'Mke wangu yuko mtoni anafua. Wewe nani unayemtafuta mke wangu asubuhi yote hii?' Ungekuwa wewe ungejibu nini?"

Nyamizi alimtazama. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka, akapaliwa na tambi, Mama Yosefina akaja mbio kumpiga mgongoni.

"Kassian," alisema akifuta machozi, "huyo ni babu!"

"Babu gani ana sauti ya namna ile?"

"Aliyechunga ng'ombe maisha yake yote! Ukimsikia akiita mbwa utadhani kuna mkutano wa hadhara. Simu tulikuwa tunachaji kwake, kwenye sola."

"Unamtetea mtu."

Nyamizi hakubishana. Akatoa simu, akapiga, akaongeza sauti, akaiweka juu ya meza kati ya sahani.

"Haloo, mke wangu!" Ile sauti ilijaa banda zima. "Umefika mjini? Usinisahau ugoro wangu! Na usipotelee kwa vijana huko, mimi mumeo bado nina nguvu!"

"Sawa babu, nitakuletea," Nyamizi akajibu, akakata.

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Mama Yosefina alishika kiuno. "We Kassian, hivi bibi yako wa Lipangalala anakuitaje?"

Kassian alikuna kichwa. "Mume wangu."

"Haya! Na wewe umeshamuoa?"

Hapo Kassian mwenyewe akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia begani. Akanyoosha mkono kuushika wa Nyamizi. "Mpenzi wangu, basi yamekwisha! Mpigie baba sasa hivi, mwambie hapana."

Nyamizi aliuondoa mkono wake. Kicheko kilikuwa kimeshamtoka.

"Yamekwisha kwako. Babu alitania tu. Wewe je? Nilipiga, hupatikani. Nikamtuma rafiki yangu Levina mpaka kwenye mashine, ukamwambia nini?"

Kassian akaiinamia sahani yake.

"Sema."

"Nilimwambia... akwambie usahau kama uliwahi kunijua."

"Nilikaa na maneno hayo masika mazima. Nikijiuliza nimekosa nini, nimetukana nani, au ni kwa sababu mimi Msukuma na kwenu hawataki. Neno moja tu la kuniuliza lilikushinda. Unadhani mjini hapa tambi zinapikwa kwa Mama Yosefina peke yake? Nilikuja hapa makusudi. Nilitaka nikuone, nikikuta moyo wangu umekufa, nimjibu baba ndiyo."

"Na umeukutaje?"

Nyamizi akasimama. Alijifunga vizuri kilemba, akabeba kapu la vikombe, akatoka.

Kassian alibaki na sahani mbili. Siku nyingine zote angesusa, angejiambia kwamba mwanamume hakimbilii sketi sokoni. Safari hii kiburi kilimwambia akae, miguu ikakataa. Akatoka na vumbi lake, akapita kwenye meza za samaki, akamkuta anapanda bodaboda.

"Dereva, ngoja!"

"Aa, Bwana Pumba!" madereva wakazomea. "Leo mashine imezima?"

Kassian alimeza tusi lililokuwa tayari ulimini. "Nyamizi, nakuuliza. Unampenda Jeremia?"

Nyamizi aliganda, mguu mmoja juu ya pikipiki. Hakuwahi kusikia swali la upole la namna hiyo kinywani mwa mtu huyu, ila amri na malalamiko.

"Ni mtu mwema," alisema taratibu. "Namheshimu."

"Na mimi?"

"Wewe sikuheshimu hata kidogo." Macho yakamjaa machozi. "Ila nakupenda, mshenzi wewe."

Madereva wakapiga honi. Kassian hata hakuwasikia.

"Nilikukosea," alisema. "Nilipaswa kukuuliza siku ileile. Niambie sasa unataka nifanye nini."

Nyamizi alishuka, akaweka kapu chini. "Baba nitamwambia mwenyewe, atanielewa. Anayeniuma ni Jeremia. Ameshawaalika wajomba zake. Siwezi kumwachia asikie kwa watu. Nitakwenda Katindiuka sasa hivi, nimwambie uso kwa uso."

"Nakwenda na wewe."

"Wewe? Akikuona atakuwa na uchungu, atakutukana. Nawe nakujua, mtashikana mashati kwenye jaruba la mpunga la mtu."

"Ana haki ya kutukana."

"Atakuita mpumbavu, Kassian."

"Si nimekuwa?"

"Atamtaja na mama yako."

Kassian alivuta pumzi. Mishipa ya shingo ilimsimama, kisha ikalala. Akaliokota kapu la vikombe, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, mbele ya madereva wote waliokuwa wametega masikio.

"Utasema wewe," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za samaki. "Mimi nitasimama pembeni yako. Anitukane mimi, ukoo wangu, mpaka achoke. Nitanyamaza. Nyamizi, nakuahidi, nitanyamaza."